Mansada yangu na ua wa Bi Rukia

Jamani, leo dirisha moja nusura linikoseshe jirani.

Mnakumbuka nilivyowachosha na neno "mansada"? Chumba cha chini ya paa. Neno la Wafaransa, Wajerumani wakalichukua, Wataliano wakalichukua, hata Warusi. Nikasema basi na hapa kwetu Madungu lifike.

Fundi kaimaliza yangu leo asubuhi. Nikapanda, mimi na kitambi changu, nikafungua dirisha kwa mbwembwe.

Chini yangu ua wa Bi Rukia, jirani yetu. Mwenyewe kichwa wazi, anakuna nazi.

Tukatazamana.

"Weye Hamadi! Wafanya nini juu ya kichwa changu?"

Kwetu dirisha halitazami ua wa mtu, mtoto mdogo anajua. Mwenye akili angelifunga. Mimi nikaanza kumweleza safari ya neno!

Akajitanda kanga, akanisikiliza mpaka Urusi.

"Na huko kote lilikopita, hakukuwa na majirani?"

Nikashuka mbio. Fundi nimemrudisha, anaziba kwa matofali. Chumba kitakuwa tanuri, basi na kiwe.

Lakini kila Ijumaa Bi Rukia hutuletea mkate wa kumimina, na leo alasiri ikapita kimya. Sikai, sisimami. Nimekwenda mlangoni mpaka mke wangu kasema namtia kizunguzungu.

Sasa hivi kapiga hodi, sahani mkononi.

"Hii ya mkeo. Weye kale Ufaransa."

Semeni, wenzangu: nimesamehewa, au? Mwenzenu nanusa tu.