Kipaza Hakuwa Amelewa

Kipaza hakuwa amelewa. Hilo lieleweke kwanza, maana mtaa umelitafuna jambo hili tangu nusu fainali, na kila anayelitema analitema likiwa limenenepa. Mwenye duka la kona anasema chini ya meza palikuwa na chupa. Fundi viatu, ambaye siku hiyo hata uwanjani hakukanyaga, anasema aliinusa. Chupa ilikuwepo, na ndani yake yalikuwa maji, yaliyojazwa na mkewe asubuhi kama alivyomjazia kila Jumamosi kwa miaka ishirini na minane. Pombe haijavuka kizingiti cha ukoo ule tangu enzi za baba yao.

Siku za kazi alikuwa fundi bomba wa idara ya maji, mtu wa suruali zilizolowa magotini. Jumamosi alikuwa sauti ya uwanja. Alipanda kibanda cha mbao juu ya jukwaa, akashika kipaza sauti kilichompa jina, na akatangaza mechi hivi kwamba hata waliokaa nyuma ya nguzo waliona kila kitu. Alikuwa na mazoea ya kusimama goli linaponukia, kwa hiyo watu walitazama kibanda kwanza, mpira baadaye.

Kwenye nusu fainali mkwaju ulipigwa, ukaokolewa, na spika zikasema, "Amekidaka! Yule wa... yule anayekaa pale, mwenye... amekidaka kile." Uwanja ukacheka. Dakika kumi baadaye yakawa yale yale. Jumatatu mwenyekiti wa klabu alikuja nyumbani, mpole kama mleta posa. "Mzee, pumzika kidogo. Vijana wanasema maneno." Fainali ilikuwa imebaki mwezi mmoja, na Kipaza hakuwa amekosa fainali hata moja.

Aliyelichukua jambo hilo mikononi ni dada yake mkubwa, mjane, mwalimu mstaafu, ndiye aliyemlea wazazi wao walipofariki. Yeye aliona mdogo wake amechoka tu. Mke wa Kipaza ndiye aliyesema la kweli. "Wifi, huyu siku hizi ananiomba vitu kwa ishara kama refa. Jana alitaka kijiko, akakoroga hewa mpaka nikaelewa. Twende hospitali."

Dada mtu alikubali, ila kwa nia yake mwenyewe: alitaka karatasi yenye mhuri isemayo kwamba mdogo wake ni mzima. Angeibandika dukani pale pale kwenye kona.

Walipokelewa katika chumba cha mwisho wa korido, chenye feni inayolalamika na meza moja. Juu ya meza palikuwa na kinasa sauti kidogo kama kipande cha sabuni. Mwenye chumba alikuwa binti mtaalamu wa usemi, kalamu sikioni. Aliwaeleza kwamba maradhi ya akili kupungua si ugonjwa mmoja, na kila aina ina mlango wake wa kuingilia. Kuna inayoanzia kwenye kumbukumbu, mtu akarudia kisa kile kile kabla chai haijapoa. Kuna inayokwamisha ulimi, sentensi zikatoka vipande vipande. Na kuna inayomwacha mtu aongee kama bomba lililofunguliwa, huku ikimnyang'anya majina ya vitu, moja moja.

"Kusikiliza peke yake hakutoshi," alisema. "Atapigwa picha ya ubongo pia. Lakini usemi wake utatuonyesha pa kuangalia."

Akamwekea mchoro. Fundi rangi yuko juu ya ngazi, mbwa anapita chini, ndoo inaanguka, mwanamke anatazama dirishani. "Niambie unachokiona, mzee."

Kipaza akakohoa, akavuta kiti, na mechi ikaanza.

"Anapanda huyu, anapanda, anapanda, hana habari kabisa. Huku chini yule mwenye mkia anamjia, hajaonekana, anakigusa, loo, kinakwenda, kinakwenda, kimemwagika chote. Na yule pale anatazama tu kama hayamhusu. Mambo yameharibika hapa, mabibi na mabwana."

Nesi aliyekuwa akipita akasimama mlangoni kusikiliza. Mkewe alicheka mpaka akashika mbavu. Dada mtu akajiweka sawa kitini.

"Umemsikia mwenyewe, mwanangu. Dakika mbili nzima, hakupepesa. Niandikie hiyo karatasi."

Binti hakumbishia. Alirudisha sauti mwanzo, akamsogezea karatasi na penseli. "Mama, nimeambiwa umesahihisha insha miaka thelathini na tano. Sahihisha na hii. Weka alama kila anapotaja jina la kitu kilichomo kwenye mchoro."

Mwalimu akavaa miwani. Sauti ikaanza, ikapanda, ikamwagika, ikaisha. Penseli ilikuwa imegusa karatasi mara moja tu, kwenye mkia. Ngazi hakuna. Ndoo hakuna. Mbwa mwenyewe hakuna. Akaomba kusikiliza tena, na mara ya pili hakupata zaidi. Alikuwa ameisikia sauti ile maisha yake yote, na akaipa alama za juu kwa sababu ya mwendo wake.

"Sasa mzee," binti akasema, "nieleze unavyobadilisha bomba lililopasuka. Taratibu, bila mechi."

Mikono ya Kipaza ikaanza kazi hewani. Ikafunga maji, ikakata, ikasafisha, ikakaza, hatua zote kwa mpangilio. "Nachukua ile... nakaza kwa... hii ya..." Mikono ikamaliza peke yake. Halafu akamgeukia dada yake na kutabasamu.

"Dada, mikono inajua. Mdomo ndio umelambwa kadi."

"Ya njano, mzee," binti akajibu. "Bado uko uwanjani."

Picha ya ubongo ilikubaliana na kinasa sauti, na daktari akaandika barua: ni ile aina inayonyang'anya majina. Dada mtu angeweza kuifungia kabatini. Usiku mmoja ulimtosha kuamua. Asubuhi alivaa viatu vyake vya mahafali, akaenda ofisi ya klabu, akaisoma akiwa amesimama.

"Mwalimu, kama tungejua," mwenyekiti akasema.

"Mngeuliza."

Siku ya fainali Kipaza alipanda kibandani, na mkewe akakaa ubavuni mwake. Mkwaju wa kwanza ulipookolewa, spika zikasema, "Amedaka yule wa..." Mkewe akamnong'oneza. "Mke wangu anasema ni kipa. Mimi simbishii, sijawahi kumbishia nikashinda." Uwanja ukaangua kicheko, safari hii cha kwao wote. Kufikia kipindi cha pili, kila aliposema "yule", jukwaa zima lilimjibu kwa jina. Sauti iliyozidi zote ilikuwa ya fundi viatu. Goli liliponukia, Kipaza akasimama, na watu wakatazama kibanda kwanza.

Sasa wapo wanaouliza amebakiwa na muda gani, na daktari aliandika nini kingine. Barua ina kurasa mbili. Mwenyekiti alisomewa ukurasa wa kwanza. Wa pili ni wa nyumbani, na hautasomwa.