Oili Mpya ya Baba Mkwe

Kuna lori moja la kijani hapa mjini ambalo nikilisikia linakuja huwa naingia duka lolote lililo karibu, hata liwe la vitenge, nasimama nashikashika vitenge mpaka lipite. Leo nitawaambia kwa nini, ila mkicheka mcheke taratibu, mke wangu yuko jikoni na kwake hili jambo bado halijapoa.

Lilikuwa la baba mkwe, Mzee Masanja wa Mabatini. Alilinunua wakati ushirika unauza magari yake, miaka ile kila kitu kilipoachiwa huru na kila mtu akageuka mfanyabiashara, hata oili ya gari ikawa inauzwa barabarani kwenye madumu kama maziwa. Lori lilikuwa zee, lakini ndilo lililobeba magunia ya watu kwenda minadani, na ndilo lililomfanya mzee, baada ya kustaafu, aendelee kuamka alfajiri akiwa na pa kwenda. Bila lile lori alikuwa mtu wa kukaa kibarazani tu, na nilijua hivyo.

Basi Ijumaa moja akaniita (mimi ni fundi, gereji yangu iko Igogo, na bado ni fundi, msiniangalie hivyo). Nikakuta ukoo wote umetoka nje, na majirani juu yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mshale wa oili unaanguka. Injini ikiwa baridi uko juu, ikipata moto unalala kabisa na taa nyekundu inawaka. Na kabla hujaanza, oili ni mpya, nimenunua mwenyewe, nimeweka mwenyewe. Usiniletee habari ya oili."

Nikachomoa stiki ya kupimia, nikasugua oili kwa vidole. Jamani! Nyepesi kama chai ya rangi, halafu inanuka mafuta ya taa. Nikawasha injini, nikasikiliza, kwa sababu beringi zikiisha mshale huanguka vilevile, ila injini hugonga na kila fundi anajua mlio wake, na hii haikugonga hata mara moja. Mzee alikuwa ameuziwa uchafu. Kazi ilikuwa ya nusu saa: mwaga, weka oili ya maana, kunywa uji, nenda nyumbani.

Sasa niambieni nyinyi, umeoa juzi tu, mama mkwe yuko mlangoni (ambaye hata kumtazama usoni huthubutu), mashemeji watatu wamekunja mikono, na baba mkwe ameshakwambia usiniletee habari ya oili, utafungua mdomo useme mzee, umetapeliwa? Kwa Wasukuma mkwe hamsahihishi baba wa mke wake mbele za watu. Basi mimi, kwa heshima zangu za kijinga, nikasema, "Baba, ni beringi. Zimekwisha."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika, baba."

Nilikuwa na mpango, msidhani sikuwa na mpango. Kesho yake ningekuja na oili nzuri, ningejifungia na lile lori, nimwage ile takataka, halafu nitoke na beringi chakavu kutoka gereji kwangu nimwonyeshe, baba, hizi hapa, nimeshabadilisha. Heshima yake ingebaki, na yangu ingepanda. Usiku ule nililala usingizi wa mtu mwenye akili.

Asubuhi nikafika Mabatini, dumu la oili mkono wa kulia, kopo la beringi mkono wa kushoto, nikamkuta mzee amesimama na mwanamume mnene wa Butimba wanapeana mikono mbele ya watu wale wale wa jana.

"Umekuja wakati mzuri," baba mkwe akasema. "Nimeuza."

"Umeuza nini, baba?"

"Lori. Gari likishafika kufunguliwa injini si gari tena, hilo linakuwa shimo la kumwagia pesa. Huyu bwana amekubali kulichukua hivyo hivyo, bovu, kwa bei ya bovu."

Hapo ndipo ningesema! Hata hapo bado kulikuwa na nafasi! Lakini yule mnene akaliona dumu langu. "Fundi, hiyo oili safi? Hebu niwekee, nijikokote nalo mpaka nyumbani." Na baba mkwe akasema, "Mwekee mgeni." Nikaingia chini ya lori, nikafungua nati, ile takataka ikamwagika mpaka mkononi kwangu, nikafunga, nikajaza oili yangu mimi mwenyewe, kwa mikono yangu mimi mwenyewe, huku nikiomba injini igome.

Haikugoma. Mshale ukapanda. Tukaisubiri ipate moto (yule bwana alikuwa makini, hana haraka hata kidogo), ikapata moto, mshale ukashuka kidogo tu ukatulia pale pale panapotakiwa, taa imezima kimya.

"Mbona lori ni zima?" akasema yule bwana. Akachovya kidole kwenye oili ya zamani, akanusa, akacheka. "Mzee, hii uliuziwa mafuta ya taa! Nani alikwambia beringi?"

Watu wote wakanigeukia. Na Shija, shemeji yangu mdogo, mtu asiyejua kunyamaza, akachungulia kopo langu. "Shemeji, na hizi za nini?"

Jirani mmoja alicheka mpaka akakaa chini.

Mashemeji wakamwambia baba yao abatilishe, akakataa. "Nimeshampa mkono," akasema, na lori likatoka uani linanguruma vizuri kuliko siku zote. Mama mkwe akaingia ndani, wengine wakatawanyika. Tukabaki wawili.

"Ulijua?" baba mkwe akaniuliza, sauti ya chini kabisa.

"Nilijua, baba."

"Tangu jana?"

"Tangu jana."

Akatazama pale chini palipobaki doa la oili. "Ungeniambia nimeibiwa," akasema, "ningekuwa nimeibiwa dumu moja la oili."

Nimeaibika mara nyingi maishani lakini sijawahi kuumia vile. Niliapa siku hiyo hiyo, na naapa tena mbele yenu, sitamfichia tena mtu kosa lake eti namheshimu. Mwezi uliopita baba mkwe alinionyesha kiwanja alichotaka kununua, amekipenda kweli kweli, na mama mkwe yupo, na Shija yupo. Nikamwambia, "Baba, hapa maji yanatuama." Alininunia wiki nzima. Nikamwacha anune.