Bati Nililolipiga kwa Ngumi

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza tena. Shule niliacha mwaka wa nne wa primeri, nikabeba mifuko ya simenti kwenye bandari ya Baraka mpaka shingo ikawa ngumu kama mti, na leo nina duka langu la bati na misumari kwenye barabara ya Fizi. Watu wenye diploma wananisalimia wa kwanza. Vita imepita juu yangu zaidi ya mara moja. Kwa hiyo mto ulipotujia nyumbani, sikushangaa. Nilikasirika.

Ulikuja alfajiri, na mawe, na miti mizima. Ukuta wa jikoni ukaanguka. Mlango ukagoma, maji yameuegemea kutoka nje kama wanaume kumi. Nilirusha watoto juu ya kabati, mke wangu akapanda meza na mdogo wetu mgongoni, maji yakamfika kifuani, halafu shingoni. Njia ilibaki juu. Na juu kulikuwa na bati nililolipigilia mwenyewe, misumari mirefu, mbao za nguvu, sababu mimi sijengi ovyo. Mvua ililipiga kutoka nje, mimi nikalipiga kutoka ndani. Kwa ngumi. Ngozi ikatoka, mfupa ukaonekana mweupe, nikaendelea. Lilipong'oka nilisukuma watoto kwenye tundu, makali yakawachana mapaja. Sisi tulitoka wote. Kwenye nyumba ya jirani hakutoka mtu.

Nilijenga upya kabla ya mtaa wote. Nikadhani yameisha.

Mvua iliyofuata ilinikuta dukani, mteja anabishana bei. Bati likaanza kunguruma. Nakumbuka bega limekaza na pumzi imekatika. Akili iliporudi, mteja alikuwa chini kati ya mifuko, damu mdomoni, anatafuta jino lake. Siku nyingine mvua ilianza tukiwa mezani. Nilimpiga mama wa watoto shavuni, nikampiga sikioni, na sikumwona. Niliona bati tu.

Kaka zake wawili wakashuka kutoka Nundu, wavuvi, mikono kama makasia. Hawakuketi.

« Shemeji, dada yetu iko ngoma? » akauliza mkubwa.

« Sikumupiga kwa hasira. Mikono ilienda yenyewe. »

« Ah! Ilienda yenyewe! » Mdogo akacheka, akanitwanga tumboni, nikapiga magoti. « Ona, na wangu umeenda wenyewe. »

Mkubwa akadai mbuzi wa faini hapo hapo. « Tukisikia tena, tunabeba dada na batoto. We utabakia na bati yako. »

Nilienda kwa mchungaji. Aliniwekea mikono kichwani, mvua ikaanguka juu ya kanisa, nikamrusha juu ya mabenchi. Ndipo mke wangu akanivuta hospitali, kwa mama mmoja anayesikiliza watu waliopona mafuriko. Nilitaka sindano. Yeye alitaka kuona mikono.

« Papa, hii mikono ilikuwa na kazi gani ile siku? »

« Kufungua bati. Na ilifungua! Batoto si bako bazima? »

« Kichwa inajua. Mikono haijajua. Mvua ikilia, yenyewe bado iko mu ile nyumba. »

« Sasa unaikata? »

« Hapana. Tutaitoa inje. »

Dawa yake ilikuwa hii: nisimike miti uani, nipigilie bati juu yake, usawa wa kichwa tu. Mvua ikianza, niingie chini yake, nisikie udongo chini ya miguu, nipige polepole mpaka bati liachie, nitoke kwenye tundu, nisimame, niangalie wale niliowaokoa. Mimi, muuza bati, niharibu bati! Nilimwambia huo ni wazimu.

« Basi tayarisha mbuzi ingine, » akajibu.

Mvua ilipokuja, majirani walijaa kwenye ua wangu. « Tajiri amepandwa na pepo! » « Akate bei, asipige bati! » Nilipiga, nimefunga magunia mikononi. Bati likaachia, nikatoka, na mwili wote ukaanza kutetemeka mpaka nikaanguka kwenye matope, nikatapika. Mke wangu alisimama mbali, ameshika mchi wa kutwangia muhogo, tayari kunipasua.

« Tuko hapa, » akasema. « Angalia batoto. Bote. »

Niliwaangalia mmoja mmoja. Wale waliokuwa wakicheka wakaanza kurudi kwao.

Msimu wote nilipasua bati. Mke wangu alikuja na mchi, akaja na mchi, siku moja akaja mikono mitupu. Halafu ikaanguka mvua kubwa tunakula. Bega likapanda. Kijiko cha mtoto kikabaki hewani. Niliweka viganja juu ya meza, nikasikia miguu yangu chini, nikavuta pumzi, ikaingia. Mke wangu alitazama ile mikono muda mrefu, akasukuma bakuli kwangu.

« Kula, samaki inapoa. »

Anayesema mtu anapona bure, hajapona kitu. Mabati kumi na moja, kila moja dola kumi na mbili. Mbuzi wa shemeji, hamsini. Jino la mteja, thelathini. Jumla dola mia mbili na kumi na mbili.