Kigelegele cha Mama Zaher

Saa nane mchana. Taa za studio zimewaka zote, na Inaam Sabbagh, mwenye miaka hamsini na tisa, ameketi safu ya pili, mkoba mapajani, midomo imemkauka. Si kawaida yake. Kwa miaka sita amekuwa akilipwa kushangilia mashindano haya ya uimbaji ya televisheni, na kati ya wanawake wote wanaoletwa na basi kutoka Mina, Tripoli ya Lebanon, hakuna anayemfikia kwa vigelegele. Wenzake humwita Mama Zaher, kwa jina la mwanawe, na leo mimi mwandishi nimekuja nao.

"Mama Zaher hahitaji kipaza sauti," ananichekesha Hiyam, jirani yake wa kiti. "Unadhani mumewe kawa kiziwi kwa uzee?"

Inaam hacheki.

Nyuma ya pazia wanapambwa washiriki wawili wa nusu fainali. Mmoja ni Lamis Hallaq, mtoto wa marehemu mdogo wake, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne. Studio hawajui. Jamaa wa mshiriki haajiriwi kushangilia, na Inaam anahitaji dola kumi na mbili za kila siku ya kurekodi. Ndizo zinazolipia umeme wa jenereta ya mtaa. Wanawake wa basi wanajua yote na wamefunga midomo.

Rabih, msimamizi wa watazamaji, anapanda juu ya kiti. Shangwe hapa hurekodiwa kabla ya matokeo, mara moja kwa kila mshiriki, halafu huchomekwa mahali pake.

"Haya jamani, Lamis kashinda! Moja, mbili..."

Ukumbi unalipuka. Inaam anafungua kinywa, hakitoki kitu.

"Sisi hatupigi kigelegele kabla shehe hajafungisha ndoa," ananieleza baadaye. "Hata mtoto akizaliwa, unangoja kwanza umsikie akilia. Ukitangulia, umeifukuza heri. Sasa huyu ananiambia nimshangilie binti yangu kwa ushindi ambao hajaupata!"

Rabih anasimamisha kila kitu. "Mama Zaher, umemeza ulimi?"

"Koo, mwanangu."

"Koo gani? Juzi ulitupasua masikio hapa. Kunywa maji. Tunarudia, na ukinyamaza tena, kaningojee kwenye basi. Kiti hicho wanakitaka wengi."

Akisema ukweli, kazi imekwisha. Akitii, anaamini amemharibia mtoto bahati yake.

"Moja, mbili..."

Kigelegele kinapanda hadi kwenye taa. Rabih anamrushia busu la mkono. Inaam anaketi kwa kishindo na kujifuta jasho.

"Nilimpigia mjukuu wa Hiyam," ananiambia. "Kafaulu mtihani Jumanne, hilo limeshatimia. Sauti wachukue wao, nia ilikuwa yangu."

Saa tisa na nusu washiriki wanasimama jukwaani wameshikana mikono. Rabih anapita kati ya safu, kidole mdomoni. Shangwe tayari anayo, ananong'ona, kwa hiyo jina likitajwa mtu asitoe sauti. Mkurugenzi anataka kusikia pumzi ya mshindi peke yake.

Mtangazaji anavuta muda mpaka unatamani kumrushia kiatu. Inaam amekishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili.

"Lamis Hallaq!"

Ukumbi unanyamaza kama ulivyoagizwa. Kisha kinatoka kigelegele kimoja, kirefu, kinachokatika katikati kwa kilio. Lamis anageuka, kipaza sauti mkononi.

"Mama Mkubwa!"

Hiyam anajifunika uso. Hakuna tena wa kudanganywa.

Rabih, ambaye kwa kweli si mtu mbaya, anamkuta Inaam mlangoni. "Mama Zaher, kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniacha niingie?"

Rabih anampa bahasha ya malipo ya leo na kumvua kitambulisho shingoni, taratibu, asimvute nywele.

Ndani ya basi Inaam analia waziwazi, wala haoni haya. Ananiambia umeme utakatwa mwisho wa mwezi, na kwamba mumewe hapendi giza. Kisha anavuta pua na kunikazia macho.

"Fainali ni Ijumaa ijayo. Kuna viti vya familia, mbele kabisa. Havilipwi." Anacheka kwa mara ya kwanza leo. "Nguo nimeshaichagua. Na nikikaa pale, Rabih hana amri na koo langu."