Joto Chini ya Boneti

Mama mkwe wangu alikosa maziko ya dada yake kwa sababu ya gari langu. Zamani nilikuwa nasimulia habari hiyo kwa kuzungukazunguka, nikitaja jua, foleni na ratiba ya kivuko. Siku hizi naisema ilivyo.

Gari lenyewe ni pikapu ya zamani, bado ina kabureta. Mume wangu aliniachia alipohamishiwa kazi Bukoba. Mimi nafundisha fizikia sekondari, naishi Buhongwa na mama yake, na pikapu ilikuwa na tabia moja niliyoizoea: ikikaa kwenye foleni mchana, ukiizima haiwaki tena mpaka ipoe. Nilikuwa naizungumzia kama mtu anavyozungumzia goti lake bovu.

Siku ya msiba mimi na mama mkwe tulitoka nyumbani saa nne asubuhi kwenda Sengerema. Nyuma tulikuwa na magunia mawili ya mchele na masufuria ya kupikia waombolezaji. Mjini tulikwama kwa muda mrefu, na tulipofika kivukoni nikazima injini kusubiri zamu yetu. Mhudumu alipotupungia mkono tuingie, nikapiga stata. Injini ilizunguka bila kushika. Nikapiga tena, na tena. Magari ya nyuma yakaanza kutupita. Niliwaza tuvuke kwa miguu, lakini mama anatembelea fimbo, na kutoka ng'ambo hadi msibani ni mbali. Kivuko kikaondoka. Pikapu iliwaka nusu saa baadaye, vizuri kabisa, nasi tukasubiri kivuko kingine.

Tulifika watu wakinawa mikono. Mama alipelekwa kaburini, akasimama kidogo mbele ya udongo mbichi, akarudi kukaa na wanawake wenzake. Njiani kurudi nilimwomba radhi.

"Gari halikujua tunakwenda wapi," alisema.

Wiki iliyofuata nilikwenda Mabatini kwa fundi wangu, mzee aliyeitunza pikapu hiyo tangu enzi za mume wangu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwalimu. Limefanyaje tena?"

Nilimweleza kuwa lilikataa kuwaka kivukoni. Sikutaja msiba. Akafungua boneti, akaweka kiganja karibu na bomba la mafuta na kukiondoa upesi. Petroli inachemka humu, akasema, inageuka mvuke kabla ya kufika kwenye kabureta. Dawa yake ni kuinua boneti upande wa kioo kwa kuweka washa, vile vipete vinene vya chuma, kwenye bawaba, joto lipate pa kutokea. Vijana wengi wanafanya hivyo.

"Linapungua kiasi gani?" nikauliza.

"Linapungua."

"Umewahi kupima?"

Akanionyesha kile kiganja.

Nilinunua kipimajoto chenye waya mrefu. Ncha yake tuliifunga karibu na kabureta, na kioo cha kusomea nikakibandika mbele ya usukani. Kwa Jumamosi kadhaa nilikuwa naendesha kutoka Buhongwa mpaka Usagara na kurudi, kisha naingia Mabatini kwenye msongamano wa saa sita na kuliacha gari liungurume limesimama. Kila mara niliandika namba kwenye daftari. Fundi aliliona jambo hilo kama ugonjwa wa walimu, ila kila nikifika alikuwa wa kwanza kuuliza, "Linasemaje?"

Washa zilisaidia gari likiwa limesimama. Zilishusha joto nyuzi chache, na ungeweza kuona hewa ikitetemeka juu ya ule upenyo. Likiwa mwendoni hazikubadilisha kitu. Badala yake harufu ya oili ilianza kuingia ndani, kwa sababu upepo unaogonga kioo cha mbele unasukumwa kurudi chini ya boneti. Fundi alisikiliza maelezo hayo akiwa amekunja mikono. Alizitoa washa mwenyewe.

Kisha tukafunga bomba la ekzosi kwa kitambaa kinachostahimili moto, na bomba la petroli tukalisogeza mbali nalo. Hapo namba zilishuka vya kutosha kuniridhisha barabarani. Kwenye foleni joto liliendelea kupanda, polepole zaidi kuliko mwanzo, lakini lilipanda.

Jumamosi moja tulisimama mbele ya injini tukiitazama feni ikizunguka. Nilishika karatasi ya daftari karibu na rejeta ya maji nione kama itavutwa. Katikati ilivutwa. Pembeni ilining'inia tu.

"Feni inavuta hewa kutoka kila mahali isipokuwa pembeni mwa rejeta," nikasema. "Hapa hapakuwa na kitu cha kuizungushia?"

Fundi aliinama akatazama matundu ya skrubu yaliyokuwa wazi kuzunguka rejeta.

"Palikuwa na kava ya plastiki," akasema. "Niliitoa mimi, nilipobadilisha rejeta. Ilikuwa imepasuka. Nikaona gari linatembea bila hiyo, basi."

Ndipo nikamwambia habari ya msiba. Sijui hadi leo kama nilifanya hivyo kwa haki au kwa hasira. Nilisikia sauti yangu ikiwa tulivu, ile ninayotumia nikirudisha mitihani. Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole.

Siku tatu baadaye alinipigia simu nilete gari. Alikuwa amepata kava kutoka kwenye gari bovu la aina hiyohiyo, akaichonga ikae sawasawa. Tukaenda kwenye msongamano uleule, saa ileile. Joto lilipanda, likafika mahali, likatulia. Nikazima, nikasubiri, nikapiga stata. Likawaka. Tulirudia mara tatu. Kitu kilichosaidia kuliko vyote, basi, kilikuwa kurudisha kile kilichokuwa kimeondolewa.

Jumapili alasiri fundi alikuja Buhongwa amevaa kanzu na kofia. Sikuwa nimemwalika. Alimwamkia mama mkwe wangu, ingawa nadhani wanalingana umri, akampa pole ya msiba, kisha akamweleza habari ya kava bila kuficha na bila kurefusha. Mama alisikiliza akiwa ameshika fimbo kwa mikono miwili.

"Hiyo plastiki," akauliza, "ni kubwa kiasi gani?"

Fundi akaonyesha kwa mikono. Mama akaitazama ile nafasi kati ya viganja vyake.

"Mletee mgeni chai," akaniambia.

Nilipotoka jikoni na sinia, mama alikuwa anamsimulia fundi habari za marehemu dada yake: jinsi alivyokuwa mbishi, jinsi walivyokuwa wakilima pamba pamoja wakiwa wasichana, jinsi alivyokuwa akicheka kwa kuziba mdomo kwa sababu ya pengo. Mengi nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza. Niliweka sinia mezani, nikakaa.