Dada Amebakiza Somo la Wote

Ilianza Jumamosi, saa tisa na nusu alasiri, mimi na dada tukiwa nyuma ya nyumba tunachambua mchele wa sadaka. Mvua ilikuwa imekatika kidogo, matope yamejaa mpaka mlango wa jiko, na mama alikuwa bado yuko sokoni Mwanjelwa kwenye maharage yake. Dada akaweka ungo chini, akasema bila kuniangalia, "Mdogo wangu, mimi sijamaliza chuo."

Huwa sisemi kitu, nadhani ndiyo maana watu wananiletea mambo yao. Hata bwenini ni hivyo hivyo. Mtu akigombana na mwenzake anakuja kukaa kitandani kwangu, anaongea wee, akimaliza anaondoka mwepesi, mimi nabaki nayo.

"Sijafukuzwa," akasema. "Nimebakiza somo moja tu. Dii-Esi."

Dii-Esi ni somo la maendeleo. Chuoni kwake, Iringa, kila anayeingia mwaka wa kwanza lazima alisome, awe amekuja kusomea sheria, ualimu, au Kiswahili na fasihi kama dada. Wanajazwa ukumbi mmoja, waliochelewa wanasikilizia madirishani. Usipolifaulu hilo hupewi digrii, hata kama ya kwako uliyokwenda kusomea umeyapasua yote. Na dada aliyapasua kweli. Matokeo yake ya fasihi mama aliyaonyesha soko zima.

Shida ilikuwa kesho yake. Mama alishapeleka neno kwa mzee wa kanisa kwamba kwenye ibada ya pili familia yetu iitwe mbele, imshukuru Mungu kwa dada kuhitimu. Mahafali ni ya chuo, alisema, shukrani ni ya kwetu, haina haja ya kungoja. Kuku alishafungwa mguu, na vitenge vya sare vilishatoka kwa fundi. Dada angepewa kipaza sauti.

Nikamuuliza, "Ulifelije?"

"Kama mtakavyofeli nyie," akajibu, akacheka kidogo. "Si mnagawana?"

Nilielewa. Chumbani kwao waligawana mada. Kila mtu anasoma ya kwake, halafu siku moja kabla ya mtihani mnakaa mnaelezana. Dada alipewa nadharia za maendeleo. Aliwaelezea wenzake mpaka wakamwita profesa. Zamu yao ilipofika, mmoja alikuwa amekwenda msibani Njombe, mwingine alikuwa amesoma kurasa za mwanzo tu, akawa anabahatisha. Mtihani ukaja umejaa mada za hao wawili.

"Ukasapu."

"Nikasapu, nikapewa mtihani wa kurudia. Nikasema sasa nasoma zile za wenzangu, yangu naijua. Ikaja yangu." Akaokota chuya, akamtupia kuku. "Nikaandika vile nilivyokuwa nawahadithia chumbani, mifano mingi, vichekesho. Yule mwalimu hakucheka."

Nilitaka kucheka nikashindwa, kwa sababu nilijifikiria mwenyewe. Mimi niko kidato cha tano, kombi ya historia, Kiswahili na Kiingereza, shule ya bweni nje kidogo ya Iringa. Na sisi tuna la wote, Jenero Stadizi, yaani masomo ya jumla. Wa sayansi wanasoma, wa sanaa tunasoma, ratiba imeliweka baada ya chakula cha mchana, maharage yamekaa tumboni, nusu ya darasa vichwa viko juu ya dawati. Mwalimu anasema ndilo litakalotufanya tuwe watu kamili. Wasichana wanasema halihesabiki kwenye divisheni. Tumeligawana wanne. Mimi nimepewa mazingira, na kusema kweli sijawahi kufungua ukurasa wa mada nyingine yoyote. Somo likiwa la kila mtu, kila mtu anaona kuna mwingine anayelisoma.

"Sasa wewe ndiyo umwambie mama," dada akasema. "Ukisema wewe hatafoka. Atashangaa umeongea."

Nikasema nitaona. Mwili wote ulikuwa mzito, kama nimetoka kulima.

Mama alirudi na mama mdogo, wamelowa, wanacheka. Sare zikajaribiwa palepale sebuleni. Ya kwangu ilikuwa inabana kwapani, mama akasema nivumilie, nisinyanyue mikono kanisani.

"Msomi," mama mdogo akamwambia dada, "kesho usituletee Kiswahili cha chuo. Sema na sisi wa sokoni tusikie."

"Nitasema asante tu, mama mdogo."

"Asante tu? Miaka yote hiyo tumekulisha useme asante tu? Basi ungebaki nyumbani uuze karanga."

Dada akacheka. Mama akanigeukia. "Mimi nawaza siku ya huyu. Itabidi tukodi mtu wa kumsemea."

Walicheka wote, na mimi nikacheka. Nilikuwa na nafasi pale ya kusema. Nilimwangalia mama anavyojigeuza mbele ya kioo cha kabati, anajipapasa mabega ya kitenge, nikanyamaza.

Tulipobaki wawili chumbani dada alikuwa amebadilika. "Achana nayo," akasema. "Usimwambie. Nasimama, nashukuru, nakaa. Mwakani narudi nalisoma na hao watoto wa mwaka wa kwanza, nafaulu, yameisha. Nani atajua?"

"Na watu wakija kukupa hongera?"

"Tutaitikia. Mimi na wewe."

Akalala, akapitiwa mara moja. Anayetoa jambo lake hulala hivyo. Mimi nilibaki nawaza hongera hizo: majirani, wateja wa maharage, ndugu wa Mbalizi, mwaka mzima, na mimi nipo pembeni natabasamu kwa ajili ya somo ambalo hata sio langu. Ningependa kuandika hapa kwamba niliamua kusema kwa sababu kudanganya madhabahuni ni dhambi. Hilo nalo nililifikiria, ila baadaye. Kwanza nilichoka.

Asubuhi mvua ilikuwa imerudi, na mama alikuwa jikoni anachemsha chai. Nikachuchumaa karibu na moto.

"Mama. Dada hajahitimu. Amebakiza somo moja."

Hakugeuka. "Nani kasema?"

"Yeye mwenyewe. Jana."

Akapunguza kuni. "Somo gani? Hilo la Kiswahili lake?"

"Hapana, la maendeleo. La wote. Kila mtu lazima alisome."

"La wote," akarudia. "Sasa likiwa la wote, limemshindaje yeye?"

Nikamwambia habari ya kugawana, kwa kifupi, akasikiliza huku anatazama sufuria. Alionekana amechoka, kama mtu aliyefungua meza sokoni asubuhi akagundua maharage yamelowa, inabidi ayaanike upya. Nilimngoja afoke. Afadhali angefoka.

"Haya," akasema mwishowe. "Sadaka hairudi ndani. Nenda kwa mzee wa kanisa kabla hajatoka. Asisome kuhitimu. Asome tunashukuru watoto wamefika likizo salama."

"Mimi, mama?"

"Wewe. Si ulijua kabla yangu?"

Dada alikuwa amesimama mlangoni, kanga begani. Sijui alikuwa pale tangu lini. Hakunisemesha. Alikuja akachukua upawa mkononi mwa mama, akaanza kukoroga chai, mama akamwachia.

Kwa mzee wa kanisa ni nyumba ya tatu kutoka kwenye mashine ya kusaga. Nilimkuta barazani anapiga viatu rangi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Leo ni siku yenu."

Nikasema nilichotumwa. Akainamisha sikio. "Sikusikii. Sema kwa nguvu, mvua hii."

Nikasema tena kwa nguvu, "Dada hajahitimu, amebakiza somo moja. Mama anaomba msome tunashukuru kufika likizo salama." Ndani, mkewe aliyekuwa anaosha vyombo akaacha kuosha.

Mzee aliangalia kiatu, akakipitishia brashi mara nyingine. "Kufika salama," akasema. "Hata hiyo ni shukrani. Ni watoto wawili, si ndiyo?"

"Ndiyo, baba."

"Basi na wewe utasimama mbele. Mmoja wenu aseme neno."

"Nitasema mimi," nikajibu. Sijui lilitoka wapi. Nadhani nilikuwa nimeuona akilini uso wa dada akishika kile kipaza sauti.

Nikarudi nyumbani na mvua ile ile. Nikanawa miguu kwenye beseni la mlangoni, nikavaa kitenge.