Mtu wa Pili Kwenye Mkataba wa Stoo

Jamani, leo vyerehani vyangu vinne nusura viuzwe, na mimi niko zangu Troyeville nakunywa chai.

Simu yangu iliibwa, nikabadili namba. Kuwaambia wenye stoo ya Randburg ninakohifadhi vyerehani? Wapi! Kumbe jengo lao linabomolewa, wamenitafuta wee, sipatikani.

Mkataba unasema mpangaji asipopatikana, vitu vyake vinauzwa. Ila kwanza mwenye stoo lazima ampigie mtu wa pili uliyemwandika.

Wangu ni Mama Furaha, msusi, Mkongo wa Bukavu. Tuliishi chumba kimoja Berea. Hatujasemeshana tangu Idi. (Msiniulize. Nilikosea mimi.)

Asubuhi mlango ukagongwa. Ni yeye, kanuna, na bakkie, pikapu ya kukodi, inaunguruma nje.

"Nimekuya juu ya mashini," akasema. "Hapana juu yako."

Eish. Njiani kila robot, yaani taa za barabarani, ikatushika nyekundu.

Kufika stoo, karani akafungua fomu yangu ya zamani. Kwenye uhusiano nilijaza: dada. Akatutazama. Mmoja wa Tanga, mwingine Mkongo, hata majina hayafanani.

"Huyu ni dada yako kweli?"

Mama Furaha akaniwahi kujibu, bila kunitazama:

"Ni dada yangu. Tumegombana tu."

Nililia pale pale, mbele ya karani.

Sasa vyerehani viko sebuleni, na yeye yuko jikoni kwangu analalamikia chumvi. Asante, dada.

Na nyie, mmemwandika nani? Mpigieni leo, kabla mwenye stoo hajampigia.